Pesa ikukute kazini: njia ya mwenye ulemavu Uganda kufikia ruzuku, mkopo na ajira

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Busia ni hili: "Pesa ya walemavu inatoka lini?" Wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao, wengi wakiwa akina mama wenye mtoto asiyeweza kukaa, au vijana waliovunjika kwenye ajali za bodaboda. Jibu langu huwa ni moja, na najua linauma. Uganda haina posho ya kila mwezi anayopewa mtu kwa sababu ana ulemavu. Zile shilingi 25,000 za kila mwezi zinazosemwa ni za wazee waliotimiza miaka 80, chini ya mpango wa SAGE. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Busia ya Kenya, kuna shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkali, na sisi tunaoishi hapa tunazisikia kila siku sokoni, ndiyo maana watu wanachanganya. Zile ni za raia wa Kenya.

Vyetu ni vya namna nyingine: ruzuku ya kikundi, mikopo yenye fungu letu ndani yake, vituo vya ufundi, na sheria za kazi. Karibu vyote vinakutaka uwe na shughuli tayari, hata kama ni ndogo. Nimehangaika na mambo haya tangu mwaka 2010, kwanza kama mwombaji aliyerudishwa mlangoni, sasa kama katibu wa kikundi cha watu 8. Nilipata polio nikiwa na miaka 3, na kwa miaka mingi nilikula kwa baiskeli ya mkono, ile ya magurudumu matatu, nikivusha mizigo ya wafanyabiashara mpakani: sabuni, unga, mafuta ya kupikia. Leo nashona. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotamani mtu aniketishe chini aniambie wakati ule.

Akiba kwanza, fomu baadaye

Kikundi chetu cha kwanza kilizaliwa kwa sababu ya tetesi. Tulisikia kuna ruzuku, tukakusanyana watu 12 siku hiyo hiyo, tukaandika majina kwenye karatasi ya daftari la mtoto na kwenda nayo ofisini. Tuliulizwa: mnafanya nini pamoja? Hatukuwa na jibu. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekuwa anamtafuta mwenzake.

Cha pili tulikianza kwa sanduku. Lilikuwa sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu tofauti, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mweka hazina. Kila Jumamosi kila mtu alileta shilingi 2,000. Asiyekuwa nazo alikuja hata hivyo, akasema mbele ya wenzake kwamba wiki hii hana, ikaandikwa. Hesabu zilisomwa kwa sauti, tena polepole, kwa ajili ya mwenzetu asiyeona, na kwa mwenzetu kiziwi mtu alikaa mbele yake akimwonyesha daftari mstari kwa mstari. Tuliweka akiba miezi tisa kabla ya kugusa fomu yoyote. Tulipoenda kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, yaani CDO wa gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, hakutuuliza tena mnafanya nini. Alifungua daftari, akahesabu Jumamosi, akaona na zile wiki ambazo watu walikosa. Zile wiki mbovu ndizo zilizomfanya aamini kwamba daftari ni la kweli.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, tafuta watu watano hadi kumi mnaoweza kukutana bila nauli kubwa. Msichague ulemavu wa aina moja tu, kama mna njia. Anayeona humsomea asiyeona, na mwenye miguu hupeleka karatasi mahali ambapo mimi siwezi kupanda. Mama au baba anayelea mtoto mwenye ulemavu mkali anakubalika kwenye kikundi, na kwetu yupo mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kwa kweli ndiye mfanyakazi wetu hodari. Lakini msiingize shemeji mzima wa afya ili kujaza idadi. Nimeona vikundi ambavyo mwenye ulemavu ni mmoja, anatolewa siku ya ukaguzi tu na kukaa mbele kwenye kiti, halafu pesa ikija haoni hata senti. Mtu akikuomba "jina lako tu" kwa ajili ya kikundi, kataa. Jina lako likishaandikwa mahali kwamba ulipewa, mwaka ujao utaambiwa zamu yako imepita.

Tafuta pia wawakilishi wako. Sheria inatupa madiwani wawili wenye ulemavu, mmoja akiwa mwanamke, kwenye baraza la gombolola na kwenye baraza la wilaya, na Bungeni wapo wabunge watano. Diwani wenu wa gombolola ndiye anayejua ruzuku imefika lini na imegawiwa nani. Mpigie simu. Usimwogope, kazi yake ni hiyo. NUDIPU, umoja wetu wa taifa ulioanzishwa mwaka 1987, una vyama vyake wilayani, na huko ndiko utakapokutana na watu waliokwisha kupita njia hii.

Karatasi, na ngazi tatu

Siku ya kwanza niliyokwenda gombolola peke yangu, mlango wa ofisi ulikuwa na ngazi tatu za saruji na hakukuwa na njia ya magurudumu. Niliacha baiskeli chini, nikaweka zile karatasi mdomoni, nikapanda kwa mikono. Ilikuwa imenyesha. Nilipofika juu, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ilikuwa na alama ya meno yangu na tope la viganja, na niliambiwa niandikishe nyingine. Nilirudi nyumbani nikalia, sikuiona ile kama jambo dogo na hadi leo silioni dogo.

Sasa nafanya hivi, nawe fanya hivi: piga simu siku moja kabla. Sema, "Nakuja kesho saa nne, natumia baiskeli ya mkono, naomba tukutane chini." Ofisa wa sasa hutoka na kiti tukakaa chini ya mwembe. Hiyo si hisani anayokufanyia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inataka huduma za umma zifikike kwetu. Kama wewe ni kiziwi, tuma ujumbe wa simu mapema kwamba utakuja na mkalimani wa lugha ya ishara, au uombe atafutwe. Ukifika bila kusema, utaambiwa rudi wiki ijayo, na nauli imekwenda.

Karatasi zenyewe ni hizi. Kila mwanachama awe na kitambulisho cha taifa, na majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya kwenye fomu. Mwenzetu mmoja alikuwa "Wafula" kwenye kitambulisho na "Wafulah" kwenye daftari la kikundi, ikatuchelewesha mwezi mzima. Asiye na kitambulisho aanze NIRA, mamlaka ya vitambulisho, kabla ya yote. Kisha inakuja barua ya LC1 inayosema mnaishi hapo. Inafuata katiba ya kikundi, kurasa mbili tatu zinatosha: jina, wanachama, viongozi, akiba inawekwaje, mtu akifariki au akitoka inakuwaje. Hicho kipengele cha mwisho msikiruke, ndicho kinacholeta ugomvi. Kuna muhtasari wa kikao ambacho wote mlikubaliana kuomba, wenye sahihi au dole gumba la kila mtu. CDO atawaandikisha na kuwapa cheti, na kwa cheti hicho mtafungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu.

Toa nakala za kila kitu. Kwa kila karatasi unayoacha ofisini, andika kwenye daftari lako tarehe na jina la aliyeipokea, na umwombe apige muhuri kwenye nakala yako. Faili hupotea. Ya kwetu ilipotea mara moja, na nakala zenye muhuri ndizo zilizotuokoa kuanza upya.

Ruzuku maalumu: andika kifaa, usiandike jina la kifaa tu

Ruzuku Maalumu ya Watu Wenye Ulemavu ilianza mwaka wa fedha 2009/10 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Hutolewa kwa kikundi, hadi shilingi milioni 5, na ni ruzuku, maana yake hairudishwi. Ndiyo maana inagombewa, na ndiyo maana ukaguzi wake ni wa kina. Watakuja kuwaona mlipo. Wakija, wakute kazi inaendelea, watu wenye vitambaa mkononi. Kikundi kilichokaa kwenye viti kikisubiri wageni hakimshawishi mtu.

Sasa nieleze lililotupata, kwa sababu nimeona linawapata wengine hadi leo. Kwenye bajeti tuliandika hivi: "Cherehani 4." Basi. Pesa ikapita kwa mnunuzi, cherehani nne zikaja zimefungwa kwa nailoni, nzuri, nyeusi, zina meza na pedali ya chuma chini. Tulipiga makofi. Kisha tukaketi. Kati yetu wanne tuliojifunza kushona, watatu tuna miguu iliyokufa kwa polio. Pedali ile inataka mguu unaosukuma mbele na nyuma bila kukoma. Niliinua mguu wangu kwa mikono yote miwili nikauweka juu ya ile pedali, ukakaa pale kama mzigo uliowekwa. Aliyeweza kushona siku ile ni mwenzetu kiziwi peke yake. Cherehani tatu zikakaa stoo miezi saba, na watu wa mtaani wakaanza kusema tumepewa pesa tumelala.

Aliyetutoa hapo ni fundi mmoja wa soko kuu. Aliondoa mkanda unaoshuka kwenye pedali, akafunga mpini mdogo wa mbao kwenye lile gurudumu la kulia la cherehani, na kwa shilingi 45,000 kwa kila moja tukawa na cherehani ya mkono. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Mwanzoni mshono unakwenda kama nyoka, kwa sababu umezoea kushika kitambaa kwa mikono miwili. Baada ya wiki tatu unanyooka. Ni polepole kuliko pedali, ndiyo, lakini sare za shule hazihitaji mbio, zinahitaji mshono usiofumuka. Tukashusha na meza pia, tukakata miguu yake kidogo, ili mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu asishone mabega yakiwa juu masikioni.

Kwa hiyo kwenye fomu msiandike "cherehani". Andikeni: cherehani yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, au yenye mota, meza ya kimo fulani mlichokipima wenyewe kwa futi, kiti chenye mgongo. Mota ni nzuri kwa mwenye mikono dhaifu, ila fikirieni umeme wa mtaa wenu unavyokatika. Anayefuga andike banda lenye mlango mpana wa kupitisha kiti, na chombo cha maji kilichoinuliwa. Asiyeona anayeuza nafaka andike mizani anayoweza kuisoma kwa vidole au inayosema. Mwombeni CDO mmoja wenu awepo siku ya kununua, mguse kabla ya kulipa. Na msimalize milioni zote kwenye mashine. Wekeni pembeni za uzi, zipu, pango la miezi ya mwanzo na usafiri wa kwenda kuchukua vitambaa. Mashine isiyo na uzi haimlishi mtu.

PDM na fungu la kumi

Mpango wa PDM, ule wa serikali wa kukopesha kaya kupitia muluka, ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila muluka, yaani eneo la vijiji kadhaa ndani ya gombolola, hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na katika hizo asilimia 30 ni za wanawake, 30 za vijana, 10 za wazee, na 10 ni zetu sisi wenye ulemavu. Fanya hesabu: milioni 10 kwa muluka, na kila kaya hupata milioni 1, kwa hiyo ni watu kumi. Nakwambia uihesabu kwa sababu unaweza kwenda kwenye kikao cha muluka ukauliza kwa heshima kabisa, "Mzee mwenyekiti, wale kumi wetu wa mwaka huu ni akina nani?" Swali hilo nimeliuliza. Kikao kilinyamaza, kisha wakaanza kutafuta orodha.

Huu ni mkopo, si zawadi. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, na una miezi 24 ya kutulia kabla ya kuanza kurudisha. Kwa milioni 1, riba ya mwaka ni shilingi 60,000. Ili uupate, ni lazima uwe kwenye kikundi cha shughuli ndani ya muluka wako, kikundi kiwe ndani ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya muluka, na uchague shughuli iliyo kwenye orodha ya muluka, kama kuku, nguruwe, kahawa, ng'ombe wa maziwa. Mkutano wa wanakijiji hupitia majina. Fika mwenyewe, usitume mtu. Wasiokuona husema, "Yule? Ataweza nini?" na jina linarukwa.

Chagua shughuli kwa mwili wako, si kwa kelele za majirani. Mbuzi wanataka mtu wa kuwafuata. Mimi siwezi kumfuata mbuzi anayeingia shamba la mahindi la mtu, na najua kesi itakayofuata. Kuku wa mayai wamekaa mahali pamoja, kazi yao ni ya mikono na ya saa. Mwenzetu asiyeona anafuga kuku mia moja, anajua kwa kusikia tu kwamba banda lina shida kabla mtoto wake anayeona hajajua.

Pesa huingia kwenye pochi ya simu iitwayo Wendi. Hapa nawasihi sana, laini ya simu iwe imeandikishwa kwa kitambulisho chako wewe. Nimeona mzee asiyeona ambaye laini ilikuwa ya mpwa wake. Pesa iliingia Alhamisi, mpwa akawa Kampala Ijumaa, na deni limebaki kwa jina la mzee. Kama huoni, namba ya siri ifanye iwe jambo la kwanza kujifunza. Simu ya kupapasa yenye programu ya kusoma skrini itakusomea, tumia kipaza sauti cha sikioni ili jirani asisikie. Kama una simu ya vitufe, hesabu vitufe kwa kidole gumba, kitufe cha 5 huwa na kinundu, jifunze kuanzia hapo. Ukilazimika kumpa mtu namba ya siri, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Emyooga, mpango mwingine wa serikali wa mikopo ya vikundi vya kazi, pia upo, tangu mwaka 2019, na wenye ulemavu ni moja ya makundi yake, kila jimbo la uchaguzi likiwa na SACCO yetu iliyopewa mtaji wa mwanzo wa shilingi milioni 30. Mtindo ni ule ule: uwe mwanachama, uweke akiba, ukope. Uliza SACCO ya jimbo lenu bado ina pesa na inaongozwa na nani kabla ya kulipa ada ya kujiunga.

Ukitaka kazi ya mshahara

Si kila mtu ni mfanyabiashara, na sipendi namna tunavyosukumwa sote kwenye kuku na cherehani kana kwamba hatuna vyeti. Kama umesoma, omba kazi. Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inautaja ulemavu kwa jina.

Kwenye usaili, waajiri wengi huogopa kuuliza, na hofu yao huishia kwenye barua ya kukukataa. Waondolee hofu mapema. Binti wa mwenzetu, anayetumia magongo, alipoitwa usaili wa karani alisema hivi kabla hawajauliza: "Natembea kwa magongo. Nahitaji dawati la chini, si ghorofani. Kuandika kwa kompyuta naandika sawa na wengine, naomba mnipime." Walimpima, akachukuliwa. Angalia alivyosema: kitu kimoja anachohitaji, kitu kimoja anachoweza, na ombi la kupimwa. Kiziwi aseme nani atamkalimania siku ya kwanza na kwamba baadaye maagizo ya maandishi yanatosha. Ukiona tangazo la tume ya utumishi ya wilaya, andika kwenye barua ya maombi yenyewe unachohitaji siku ya usaili.

Jambo ambalo wenye kampuni wengi hawalijui ni la kodi. Mwajiri binafsi ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu anapunguziwa asilimia 2 ya kodi ya mapato na URA, mamlaka ya mapato. Kwa mwenye wafanyakazi 20, huyo ni mtu mmoja tu. Mwambie. Mimi nilimwambia mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi ninayemshonea makoti ya kazi, akampigia mhasibu wake simu nikiwa nimekaa pale pale.

Kuna pia mradi unaoitwa Make 12.4% Work, wa Light for the World, unaowaunganisha waajiri na watu wenye ulemavu. Jina limetoka kwenye sensa ya mwaka 2014, iliyoonyesha kwamba asilimia 12.4 ya Waganda wenye umri wa miaka 2 na kuendelea wana ulemavu. Kwa ufundi, serikali ina vituo vya kuwafunza watu wetu: Kireka, Lweza, Mpumudde huko Jinja, Ruti huko Mbarara, Ocoko huko Arua. Piga simu au muulize CDO kama kituo kina nafasi na fani unayoitaka kabla ya kufunga safari na godoro.

Ukiajiriwa, hakikisha NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inalipwa, asilimia 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri. Tangu sheria iliyorekebishwa mwaka 2022, mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 50 ya akiba yake kabla ya kustaafu, wakati wenzetu wasio na ulemavu husubiri miaka 45 na hupewa asilimia 20. Hiyo ni mtaji halali wa kuanzisha kazi yako. Na anayepata ulemavu akiwa kazini, akashindwa kabisa kufanya kazi, kuna mafao ya ulemavu ya NSSF, mbali na fidia ya mwajiri. Usikubali "tukusaidie nauli ya kwenda kijijini". Toa taarifa kwa maandishi mara moja, pata karatasi ya daktari, nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Kwa aliyepoteza uwezo wote moja kwa moja, sheria ya fidia inazungumzia mshahara wa miezi 60.

Kwa sisi wa mpakani

Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe hapa Busia mwezi Februari 2018, kazi ya baiskeli ya mkono imebadilika. Zamani tulipitishwa kwa huruma, na wafanyabiashara walitupa mizigo kwa sababu ya hiyo huruma, sisi tukibaki na nauli na maumivu ya mabega. Ukiwa na mtaji wako mwenyewe, vusha bidhaa yako mwenyewe. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa utaratibu rahisi bila ushuru wa forodha, ukiwa na cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachogongwa muhuri hapo hapo kwa maofisa wa forodha. Uliza kama bidhaa yako ipo kwenye orodha kabla ya kuinunua, na ubaki na nakala ya cheti kila safari. Wawili wa kikundi chetu sasa wanavusha vikapu na mahindi yao wenyewe, kwa jina lao, na risiti mfukoni.

Ukinyimwa

Ukirukwa kwenye orodha, ukikataliwa kazi kwa sababu ya magongo, au ukigundua kwamba kikundi hewa kimechukua pesa kwa majina yenu, usianze na redio. Anza kwa barua kwa CDO, nakala kwa diwani wenu mwenye ulemavu. Wape siku 14. Wasipojibu, panda kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya, ukiambatisha ile barua ya kwanza yenye muhuri. Ikishindikana, iko Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya ubaguzi kama haya. Eleza tarehe, mahali, nani alisema nini, na unataka nini kifanyike. Ukurasa mmoja unatosha. Peleka nakala, barua zenyewe zibaki kwenye sanduku lenu lenye kufuli tatu.